Pete 1,500 za mninga, lakini sampuli ni ngapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasoma shahada ya uzamili ya misitu. Nina visahani (vipande vya shina vilivyokatwa kwa upana) vya miti 30 ya mninga kutoka Tabora, kila kimoja kina pete 50 hivi, moja kwa kila mwaka wa ukuaji. Nimepima upana wa pete zote 1,500 nikalinganisha na mvua ya kila mwaka. Uwiano, yaani jinsi viwili hivyo vinavyopanda na kushuka pamoja, ni 0.15, na thamani ya p (uwezekano wa kupata uwiano kama huo kwa bahati tu) iko chini ya 0.001. Msimamizi wangu anasema sampuli yangu ni 50 tu. Nimekosea wapi? Na je, kazi hii ya takwimu na pete za miti inaweza kunilisha?

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako yuko sahihi. Mvua ya mwaka mmoja hunyesha mara moja tu, na miti yako yote 30 iliipokea hiyo hiyo. Ukiwauliza watoto 30 wa bweni moja kama jana umeme ulikatika, utakuwa umepata habari za usiku mmoja kwa mashahidi 30. Usiku hauwi 30. Kwa miaka 50, uwiano wa 0.15 una p ya karibu 0.3, yaani hakuna cha kutangaza.

Usikate tamaa lakini. Chora mkunjo wa ukuaji wa kila mti (mstari laini wa upana wa pete unavyobadilika kwa umri), ugawe upana wa kila pete kwa thamani ya mkunjo huo, kwa sababu mti mchanga huweka pete pana hata mvua ikiwa haba. Kisha tafuta wastani wa miti yote kwa kila mwaka. Mambo ya mti mmoja mmoja, kama moto au jirani aliyekatwa, hufifia kwenye wastani, na uwiano na mvua mara nyingi hupanda.

Hata hizo 50 huenda zisitimie. Mti ulioshiba mwaka huu huanza mwaka ujao na akiba, kwa hiyo pete zinazofuatana hufanana. Ikiwa pete za mwaka mmoja na za mwaka unaofuata zina uwiano wa 0.5, na mvua ya mwaka mmoja na ya unaofuata 0.4, zidisha upate 0.2. Sampuli yako halisi ni 50 × 0.8 ÷ 1.2, yaani 33 hivi.

Kabla ya hesabu hizo zote, je, ulioanisha tarehe, yaani kuhakikisha kila pete imepewa mwaka wake halisi? Hili ndilo ningelikagua kwanza. Andrew Douglass, mtaalamu wa nyota aliyeanzisha sayansi hii kule Arizona, alilinganisha mpangilio wa pete nyembamba na pana kati ya mti na mti badala ya kuhesabu tu. Pete moja ikikosekana, au pete bandia ikihesabiwa, miaka yote ya nyuma yake inahama. Tabora una bahati: msimu wa mvua ni mmoja na mninga hupukutisha majani kiangazi. Kule kwenye vuli na masika, mti unaweza kuweka pete mbili kwa mwaka. Zimbabwe, mninga huu huu umetumika kukadiria mvua hadi mwaka 1796.

Tena, usitumie jumla ya Januari hadi Desemba. Msimu wako huanza Novemba na kuishia Aprili, kwa hiyo kalenda inakata pete moja vipande viwili. Jumlisha mvua kwa msimu. Nashuku sehemu ya udhaifu wa ile 0.15 imejificha hapo.

Kuhusu kazi, nafasi za pete peke yake ni chache, na nyingi ziko vyuo vikuu. Takwimu za baiolojia ndizo zitakazokulisha. Wagonjwa wa wodi moja, ng'ombe wa zizi moja, mahindi ya shamba moja: kote huko watu huhesabu 1,500 palipo na 50, na anayeliona kosa hilo mapema huhitajika sana. Jifunze R, programu ya takwimu, vizuri. DplR, pakiti yake ya pete za miti, ni ya bure. Leo anza na visahani vitano, uvipige msasa upya hadi vishipa vya mti vionekane wazi, kisha uoanishe.