Barua kwa mwanangu: kilo zilizorudi baada ya kupunguzwa tumbo

Mwanangu Rehema,

Marahaba, mama. Ujumbe wako nimeusoma. Ulikuwa na kilo 118 kabla ya upasuaji, ukashuka hadi 73, na sasa mwaka wa sita mzani unasoma 87. Unauliza kama tumbo limetanuka, kama umeharibu kila kitu, na kama urudi kukatwa tena.

Hujaharibu. Kati ya kilo 45 ulizopunguza, 31 bado ziko nje ya mwili wako, zaidi ya robo ya uzito wa mwanzo. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 uliwafuatilia pia watu waliounganishwa kijifuko cha tumbo na utumbo mdogo. Walipungua wastani wa asilimia 32 ndani ya mwaka mmoja au miwili, na mwaka wa kumi upungufu uliobaki ulikuwa asilimia 25. Upasuaji wako ni wa aina nyingine, ila mwelekeo ni huohuo. Unene ni ugonjwa wa kudumu, na ukianza kurudi hutafutiwa sababu kama inavyofanyika presha ikipanda tena.

Wewe uliondolewa karibu asilimia 80 ya tumbo, pamoja na sehemu inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, grelini. Ndiyo maana mwanzoni hamu ya kula ilipotea. Miaka ikisonga njaa hurejea, na mwili uliopungua hutumia nishati kidogo kuliko zamani, hasa kama na misuli iliyeyuka. Tumbo nalo hutanuka kiasi, lakini usilitwishe lawama zote kabla ya kuangalia unachokula.

Mchana mmoja kula kuku au samaki wa kuchoma bila mchuzi wala kinywaji, ukitafuna taratibu. Hiki si kipimo cha hospitali, ila ukishiba kwa kipande cha ukubwa wa kiganja, tumbo bado linazuia. Linachoshindwa kuzuia ni vitu laini na vya majimaji: uji wenye sukari, biskuti za kuchovya kwenye chai, aisikrimu, juisi ya miwa. Hivyo hupita haraka na njaa hurudi baada ya muda mfupi.

Adui mkubwa ni kudokoadokoa. Karanga gramu 30, konzi moja tu, zina kalori kama 170. Mara tatu kwa siku umepita 500 na huna habari kwamba umekula. Soda ya nusu lita ina sukari ya gramu 50 hivi. Kwa wiki moja andika kila kinachoingia mdomoni, hata unachoonja jikoni, pamoja na saa. Usibadilishe kitu wiki hiyo, tunataka ukweli.

Kisha rudi kwenye milo mitatu yenye saa zake, na kila mlo uanze na protini. Lenga gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina kama 6, samaki aliyepikwa wa gramu 100 ana 20 na ushee, kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15. Baada ya hapo mboga, na ugali au wali mwisho, kama nafasi ipo. Usinywe maji wakati wa kula. Subiri nusu saa baada ya mlo. Kutembea ni kuzuri, lakini misuli inataka uzito: kuchuchumaa na kusimama, kusukuma ukuta, kunyanyua madumu ya maji, mara mbili au tatu kwa wiki. Zile siku tano za vinywaji vitupu wanazouza eti "kurudisha tumbo" ziache. Hazilipunguzi tumbo, na kilo zinazotoka nyingi ni maji.

Kliniki nenda na daftari lako na dawa zote unazotumia. Insulini na glibenklamidi za kisukari, amitriptilini ya sonona na maumivu ya neva, predinisoloni ya kutuliza uvimbe, hata sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, zinaweza kuongeza uzito. Usiache dawa mwenyewe. Uliza kama ina mbadala. Omba wapime tezi ya shingo, sukari, wingi wa damu, madini ya chuma, vitamini B12 na D. Uzito kupanda hakumaanishi lishe imetosha. Vidonge vya chuma na vya kalsiamu viachanishe kwa saa mbili.

Kiungulia kikali au chakula kurudi ni sababu ya kuangaliwa tumbo kwa kamera. Hapo upasuaji wa pili unaweza kuwa na maana, kwa kuwa kuunganisha kijifuko cha tumbo na utumbo mdogo husaidia kiungulia pia. Lakini hatari zake huzidi za mara ya kwanza, kwa hiyo mimi ningeuweka mwisho. Kabla yake kuna sindano za kupunguza njaa, liraglutaidi na semaglutaidi, ambazo hutumika hata kwa waliokwisha kupasuliwa. Ukiziacha, uzito huelekea kurudi, kwa hiyo piga hesabu ya gharama za miaka. Na kama mnapanga mtoto, semaglutaidi iachwe angalau miezi miwili kabla ya kushika mimba.

Ukitapika mfululizo, ukapata choo cheusi au maumivu makali ya tumbo, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo. Majibu ya damu yakitoka nitumie tuyasome pamoja.

Mama yako