Mvua ya kwanza imepandisha kaboni: je, msitu unatoa kuliko unavyofyonza?

SWALI: Mwalimu, kwa mradi wangu wa shahada ninapima kaboni dioksaidi inayotoka udongoni katika Msitu wa Karura, Nairobi. Mwishoni mwa kiangazi nilipata mikromoli 2 (kipimo cha wingi wa molekuli) kwa mita mraba kila sekunde. Siku moja baada ya mvua ya kwanza nikapata 7. Je, msitu umeanza kutoa kaboni badala ya kuifyonza, au chombo kina kasoro?

JIBU: Huenda chombo ni kizima, ila hakipimi unachouliza. Chemba, yaani kasha linalofunikwa juu ya udongo, hunasa pumzi ya mizizi na vijidudu tu. Majani yanayofyonza kaboni yako nje yake. Hata ungepata 15, mizani ya msitu, yaani tofauti kati ya kaboni unayofyonza na unayotoa, ingebaki haijulikani.

Mruko huo ni wa kawaida. Mtafiti H. F. Birch aliueleza mwaka 1958 akiwa Muguga, hapo jirani tu, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Udongo ukikauka, vijidudu vingi hufa. Vinavyobaki hujaza seli zao viyeyushwa (vitu vilivyoyeyuka majini) ili visipoteze maji. Mvua ikinyesha, hutema viyeyushwa hivyo, mabonge ya udongo humeguka na kufichua mboji iliyokuwa imejificha, na walio hai hula vyote, wafu wakiwemo. Hayo huanza ndani ya saa chache na kufifia baada ya siku kadhaa. Majani mapya huchukua wiki. Kwa hiyo mwanzoni mwa msimu utoaji hutangulia ufyonzaji, na ukipima siku hizo pekee utadhani msitu una hasara.

Joto nalo huchochea uozaji: nyuzi 10 zaidi huweza kukaribia kuuongeza maradufu. Lakini wastani wa joto la Nairobi hupanda na kushuka nyuzi chache tu kwa mwaka, basi huku maji ndiyo yenye usemi.

Kabla ya kuamini ile 7, kagua hesabu. Kosa ninalolishuku kwanza ni shinikizo la hewa. Nairobi ni kilopaskali 83 hivi, si 101 ya usawa wa bahari. Ukitumia 101 unazidisha jibu kwa takriban asilimia 22. Mfano: chemba ya lita 5, pete (duara la udongoni linaloshika chemba) ya kipenyo cha sentimita 20, hewa ya nyuzi 25, kaboni ikipanda ppm 1 (sehemu moja kwa milioni ya hewa) kila sekunde. Jibu sahihi ni 5.3; kwa 101 utapata 6.5.

Pete izamishwe sentimita chache angalau siku moja kabla, kwani mizizi iliyokatwa na udongo uliotibuliwa hupandisha kipimo. Ng'oa mimea iliyo ndani. Funga chemba dakika 2 hadi 3, utupe vipimo vya sekunde 30 za mwanzo. Mstari wa kaboni kwenye grafu ukianza kupinda, umefunga kwa muda mrefu mno: kaboni imejaa ndani na kuzuia nyingine isitoke.

Kuhusu mizani, kumbuka ukubwa wa tarakimu. Mimea ya nchi kavu duniani hufyonza takriban tani bilioni 120 za kaboni kwa mwaka. Karibu nusu huirudisha yenyewe kwa kupumua, na sehemu kubwa ya iliyobaki hurudishwa na uozaji na moto. Kinachosalia ni kama bilioni 3. Tofauti ndogo namna hiyo hutikiswa na mwaka mmoja wa ukame: El Niño ya 2015 na 2016 iliipunguza sana katika tropiki.

Kwa bajeti ya mwanafunzi, pima udongo kila wiki mwaka mzima, kila siku baada ya mvua ya kwanza, na uongeze vipimo vya unene wa miti na uzito wa majani yanayoanguka. Rekodi unyevu wa udongo kila mara. Bila huo, takwimu za Karura hazitafafanulika.