Msasi Mstaafu Anajibu: Goti Bovu na Kulungu wa Texas

Barua za mwezi huu ni tatu, na zote zinanuka baruti. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imenigusa goti.

Asalaam aleikum, Msasi. Mimi ni mstaafu wa bandarini Kilindini, nimezaliwa 1956, naishi Likoni. Kijana wangu ametulia Texas, huu mwaka wa tisa, na amenikatia tiketi ya Novemba. Anasema atanipeleka kuwinda kulungu, na kwamba huko wazee hupewa leseni karibu na bure. Goti langu la kushoto ni bovu. Ule mteremko wa feri tu hunipumzisha mara mbili. Mke wangu anacheka, anasema kulungu ndiye atakayeniwinda. Je, mtu wa umri wangu ana nafasi? Na hiyo leseni ya wazee ni kweli?
*Mstaafu wa Gatini, Likoni*

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Mwambie shemeji asicheke sana. Kuwinda kulungu wa Texas si kukimbizana naye, ni kukaa ukimngoja. Na kukaa, yakhe, ndiyo kazi sisi wazee wa Mombasa tuliyohitimu barazani.

Kwanza huyo mnyama mwenyewe. Kamusi zetu humwita kulungu, nami nitamwita hivyo hivyo, ila ujue si yule kulungu wa Shimba Hills. Wetu ni wa ukoo mmoja na ng'ombe na mbuzi, pembe zake ni za maisha. Wa huko ni wa ukoo wa yule ambaye Biblia ya Kiswahili humwita ayala: dume huangusha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine, zenye matawi kama mti mkavu. Katika Afrika nzima ukoo huo una makao ya asili kaskazini tu, upande wa Algeria na Tunisia. Wako atakuwa wa mkia mweupe. Akishtuka huuinua mkia juu kama mtu anayekupungia leso, na ukishaiona hiyo leso, rudi nyumbani ukanywe chai.

Sasa leseni. Kijana wako amesema kweli nusu. Mkaazi wa Texas aliyefika miaka 65 hulipa dola 7 tu. Kijana wako, kama bado hajafika umri huo, hulipa 25. Lakini wewe ni mgeni, na punguzo la uzee ni la wenyeji. Mgeni, hata awe na mvi mpaka kwenye kope, hulipa dola 315 kuwinda kulungu wa mkia mweupe. Ipo leseni nyingine ya wageni, ya siku tano, dola 48. Hiyo haimruhusu mkia mweupe, kwa hivyo usije ukainunua kwa kuona bei. Inamruhusu, hata hivyo, kulungu wa madoadoa ambaye asili yake ni Bara Hindi, kama nusu ya vyakula vya Mombasa. Walimpeleka Texas miaka ya 1930, akazaana mpaka sasa hana msimu: huwindwa mwaka mzima. Nyama yake husifiwa kuliko ya mkia mweupe. Ningekuwa wewe, ningeanzia hapo. Ila kumbuka ardhi ya Texas karibu yote ni ya watu binafsi, na mwenye shamba naye hutaka chake, wakati mwingine kikubwa kuliko hiyo leseni. Kijana aulize bei kabla hujapanda ndege.

Mahali pamoja uzee umekufaa waziwazi. Texas humlazimisha kusoma mafunzo ya uwindaji kila aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye. Wewe wa 1956 umesamehewa. Mimi nakushauri usome hata hivyo, angalau sehemu ya usalama wa bunduki, kwa sababu bandarini ulikuwa ukishika makaratasi ya shehena, si bunduki.

Na jambo hili lishike kwa mikono miwili. Sheria ya Marekani nzima inamkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya matembezi kushika bunduki au risasi. Zipo ruhusa chache, na mojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda. Kwa hivyo leseni iwe mfukoni kwanza, ndipo uiguse bunduki ya kijana, hata kama ni ya kujaribia shabaha nyuma ya nyumba. Ya kubeba kutoka huku isahau.

Tuje kwenye goti. Mwaka 1975 nilikuwa mchunaji ngozi katika kambi ya wasasi nje ya Voi. Akaja mzee mmoja wa Kizungu, nyonga imekwisha, anatembea kwa bakora. Vijana aliokuja nao walitoka alfajiri kwa miguu, wakarudi adhuhuri mikono mitupu na miiba mwilini. Yeye alimwomba mfuata nyayo amwekee kiti cha turubai chini ya mkwaju, upepo ukimjia usoni, kama hatua themanini kutoka njia ambayo swala hupita kwenda majini. Akakaa. Muda wa saa tatu hakuvuta sigara wala kukohoa. Jioni ile nilichuna swala mmoja tu, na alikuwa wake. Msasi haogopi miiba, walisema wahenga, lakini yule miiba yenyewe hakuiona.

Huko Texas kiti cha yule mzee wamekijengea nyumba. Ni dungu, kama lile la kulindia mpunga, ila lina kuta, paa na vidirisha. Mengine yana miguu mirefu na ngazi. Wewe taka la chini, au lenye ngazi pana na mahali pa kushika. Lile la kubandikwa mtini likatae hata ukibembelezwa: wasasi wengi wa Marekani huvunjika kwa kuanguka kutoka huko, na wajuzi hawapandi bila kujifunga mkanda wa mwili mzima. Mbele ya dungu, kwenye shamba la mtu binafsi, sheria ya Texas huruhusu kumwaga mahindi ili kulungu waje. Wapo wanaosema huko si kuwinda, ni kufuga kwa bunduki. Mimi, kwa goti langu, sina neno.

Saa halali huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kuisha nusu saa baada ya kuzama. Maana yake sala ya alfajiri utaiwahi kabla hujaingia dunguni, lakini magharibi itakukuta humo ndani. Panga na kijana mapema, na ujue kibla kiko upande gani. Jaketi zito ni lazima, kikoi hakitoshi: asubuhi za Novemba hukaza goti, na goti lililokaa saa mbili bila kunyooshwa huamka kwa kelele ambayo kulungu ataisikia. Dawa zako za presha au sukari, kama unazo, ziwe mfukoni, si garini.

Bunduki omba ya risasi za kipimo cha .243. Inamtosha kulungu na haikupigi bega kama kubwa zake. Iwe na darubini na kitu cha kuiegemeza, nawe uwe na vizibo vya masikio. Macho nenda ukapimwe hapa Mombasa kabla ya safari. Mtoto wa jicho akishaingia, pembe na tawi huwa kitu kimoja, na katika kaunti nyingi za Texas hilo si jambo dogo: kabla ya kufyatua lazima ulitazame dume, maana halali ni lile tu ambalo pembe moja haina tawi, au ambalo nafasi ya ndani baina ya pembe mbili inafika inchi 13. Hujawa na hakika, vuta pumzi umwache apite. Na ukimwangusha, leseni huja na lebo zake. Mjazie ya kwake na umfunge papo hapo, kabla ya picha.

Ninachokuogopea zaidi ni baada ya risasi. Moyo unadunda kwa furaha, mbele yako kuna dume la kilo hamsini au sitini, na mkono unakuwasha umburute. Usimburute hata hatua kumi. Wazee wenye mioyo dhaifu hufa hapo. Kaa kwenye jiwe, kijana alete gari.

Pembe mwachie yeye azitundike kwake. Biashara ya nyara za wanyamapori Kenya iliipiga marufuku 1978, na ukitua uwanja wa Moi na pembe begini, kuwaeleza watu wa forodha kwamba hizi si za Tsavo kutakula siku nzima.

Kijana akija kuhama jimbo, huenda punguzo la wazee likawa nono zaidi, ingawa nalo ni la wakaazi. Florida na Alabama mkaazi wa miaka 65 hahitaji leseni kabisa. New York mpaka ufike 70, ndipo hulipa dola 5. Pennsylvania wenye leseni ya uzee hupata siku zao chache za Oktoba kuwinda majike kwa bunduki, pamoja na vijana wadogo na walemavu, kabla msitu haujajaa watu. Wisconsin nayo kwa miaka mingi iliwaachia wa 65 na walemavu peke yao ule upinde wenye kitako kama cha bunduki. Tangu 2014 ni wa kila mtu. Kuwinda na wajukuu pembeni, wenye nguvu bado wamelala, hilo la Pennsylvania nalionea wivu.

Shikamoo, Msasi. Baba yangu ana miaka 71, tunaishi naye Kisauni. Kila mwisho wa mwezi husema anakwenda Kwale kuwaona ndugu, lakini juzi nimekuta wavu na gunia lina damu. Anasema ni paa wadogo tu, kitoweo. Nimwambie nini?
*Binti, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Mwambie aache, na mwambie mkiwa wawili, si mbele ya wajukuu.

Kenya uwindaji umekatazwa tangu Mei 1977. Nakumbuka vizuri, maana kambi yetu ilifungwa nami nikateremka Mombasa na kisu changu kiunoni, sina kazi. Hapa hakuna leseni ya wazee, ya vijana wala ya kitoweo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamtaja hasa anayewinda kwa ajili ya kula, na adhabu yake ni faini au jela. Miaka 71 si umri wa kulala kwenye saruji. Na huko Kwale ndiko Shimba Hills, ambako palahala wa Kenya nzima wamebakia. Wavu hauchagui paa na ndama wa palahala.

Lakini usimvue tu, mvishe. Mtu aliyesoma nyayo maisha yake yote haridhiki na televisheni. Mpeleke Nguuni, nyuma ya Bamburi, jua likipoa. Kuna pofu, choroa na twiga, na njia ya kutembea taratibu. Mwombe awafundishe watoto nyayo ipi ni ya nani. Nadhani utashangaa atakavyonyooka mgongo.

Msasi, mnyama aliyekufa kwa risasi kabla ya kuchinjwa ni halali? Tumebishana barazani mpaka chai ikapoa.
*Vijana wa Majengo*

Mimi si sheikh, na bishano lenu lipelekeni kwa imamu wenu. Mtakapokwenda, msome kwanza Al-Maida, aya ya 4, juu ya kutaja jina la Mwenyezi Mungu katika mawindo, na aya ya 95, inayokataza kuwinda ukiwa katika ihramu.

Nitakachowaambia ni tulivyofanya kambini. Mwislamu akifyatua, bismillah ilitangulia kidole. Mzungu akifyatua, sisi tuliokula nyama tulitaka mnyama akutwe hai achinjwe. Kwa hivyo mlio ukisikika tu, mdogo wa kambi alitimuliwa mbio na kisu, juu ya mawe, ndani ya miiba, amuwahi mnyama kabla roho haijatoka. Mdogo wa kambi nilikuwa mimi, miaka mitatu mfululizo. Ndiyo maana barua ya kwanza niliijibu kwa kirefu.