Koili ya pikipiki: ipime kabla ya kuilaumu

Masika yakishika Mombasa, wauza spea hufurahi. Pikipiki zinakata moto Makupa, zinakata moto kwenye foleni ya feri Likoni, nyingine zinasukumwa kutoka Kongowea hadi kwa fundi wa karibu, na neno la kwanza linalotoka mdomoni ni "koili imekufa." Kazi yangu ni kutengeneza pikipiki, wateja wangu wengi ni watu wa bodaboda, na nakwambia bila kuficha: koili nyingi ninazoona zikitupwa ni nzima. Kilichokufa ni kofia ya plagi, au waya umeoza, au athi, njia ya umeme kurudi kwenye fremu, haishiki.

Ukishaelewa koili inafanya nini, si rahisi mtu kukuuzia usichohitaji. Ndani ya kile kidude cheusi kilichofungwa chini ya tangi mna kipande cha chuma, na chuma hicho kimezungushiwa nyaya mbili za shaba. Mmoja mnene, mizunguko yake mamia. Wa pili mwembamba kama unywele, mizunguko yake maelfu kwa maelfu. Umeme ukibadilika ghafla kwenye waya mnene, usumaku wa chuma nao hubadilika ghafla, na ule waya mwembamba hutoa volti nyingi mno, za kurusha cheche kwenye plagi. Kanuni hiyo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831, na pikipiki ya Boksa iliyoegeshwa hapo nje inaitumia vilevile. Kwenye pikipiki yenye CDI, yaani kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche, kisanduku hicho hujaza kapasita yake (kihifadhi umeme) volti 200 hadi 400 hivi, kisha huzimwaga zote kwa mpigo mmoja ndani ya koili. Koili nayo huzipandisha zikafika elfu 15, 20, hata 30. Injini ya silinda moja ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, na nyingi za CDI hupiga cheche kila mzunguko, hizo ni cheche 100 kwa sekunde moja.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye siri. Koili haitoi volti elfu 30 kila mara. Hupanda mpaka pale cheche itakapoweza kuruka mwanya wa plagi, basi. Plagi ikiwa mpya na mwanya wake sawa, kazi ni nyepesi. Plagi ikilika na mwanya ukapanuka, koili inalazimika kupanda juu zaidi, na umeme ukipanda hivyo hutafuta upenyo mwingine: ufa kwenye mpira wa waya, unyevu ndani ya kofia, au mwili wa koili wenyewe. Ndiyo maana namwambia mteja abadilishe plagi mapema. Plagi ni bei ndogo, na ndiyo inayolinda koili. Mwanya wa pikipiki nyingi ndogo ni kati ya milimita 0.6 na 0.8, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako, na upime kwa geji, si kwa jicho.

Huku kwetu kuna adui ambaye fundi wa bara hamjui sana: chumvi. Pikipiki inayolala Nyali au Shelly Beach, upepo wa kusi ukiipiga usiku kucha, klipu zake za umeme hugeuka kijani. Bolti inayoshikilia koili kwenye fremu huota kutu chini kwa chini, na kwenye pikipiki nyingi bolti hiyo ndiyo athi ya koili. Athi ikishakuwa mbovu, cheche inakuwa ya kubahatisha. Ukifungua, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi kidogo kwa juu.

Kofia ya plagi nayo ina hadithi yake. Kuna kijana huniletea pikipiki kila mara akitoka kuiosha.

"Fundi, imeoshwa tu hapo stejini, sasa haiwaki. Koili, ama?"

"Chomoa kofia ya plagi, mwanangu, uikung'ute."

Maji yakamwagika mkononi mwake. Wale vijana wa kuosha wanaipiga kwa mashine ya presha moja kwa moja kwenye plagi, na mpira wa kofia uliozeeka hauzuii kitu. Kofia nyingi huingia kwenye waya kwa kuzungushwa. Izungushe kushoto itatoka, kisha tazama ncha ya waya. Ukiona nyuzi za shaba zimekuwa nyeusi au kijani, kata kama milimita 5 mpaka ukute shaba nyekundu safi, halafu izungushe kofia irudi mpaka iume. Pikipiki ngapi zimeondoka kwangu kwa matibabu hayo tu, sina hesabu.

Kama una shaka na waya, subiri giza. Washa injini, nyunyizia maji kidogo kwa chupa kandokando ya waya na koili, uangalie bila kugusa. Penye ufa utaona vicheche vya buluu vikitambaa.

Kupima cheche yenyewe ni rahisi, ila kuna namna. Toa plagi, irudishe kwenye kofia, uzi wake wa skrubu uguse chuma cha injini, mbali na tundu la plagi kwa sababu mvuke wa petroli hutoka pale. Piga kiki. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri, ya manjano iliyofifia ni dhaifu. Usiushike waya kwa mkono, na usipige kiki waya ukiwa unaning'inia bila plagi. Umeme ukikosa pa kutokea huchimba ndani ya koili, na CDI nayo inaweza kwenda. Usipoona cheche kabisa, kabla hujasema koili, angalia swichi ya kuzimia. Ile swichi huingia maji ikaendelea kuzima hata ukiiweka pa kuwasha.

Koili mbovu kweli ina tabia yake. Asubuhi inawaka vizuri, unabeba abiria hadi Mtwapa, jua limepanda, injini imepata moto, ghafla inakohoa na kuzima. Ukipumzika mvulini, inawaka tena. Joto limetanua ufa ndani, umeme unavuja. Lakini usikimbilie dukani bado. Tundu la hewa kwenye mfuniko wa tangi likiziba, dalili ni hizohizo. Ikizima, fungua mfuniko papo hapo. Ukisikia hewa ikivutwa "fyuu" na pikipiki ikawaka, shida ni petroli. Kama si hivyo, pima cheche hapohapo kabla haijapoa. Fundi akiipima ikishapoa atakwambia ni nzima, naye hatakuwa anakudanganya.

Mita inasaidia, kwa kiasi. Waya mnene wa koili ya CDI kwa kawaida husoma chini ya omu 1 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Gusanisha kwanza ncha za mita, na utakachosoma hapo ukitoe. Waya mwembamba, ukipimwa bila kofia, husoma maelfu kadhaa ya omu, na kofia nyingi huongeza 5,000 hivi. Mita isiposoma chochote bila kofia, waya umekatika ndani na koili hiyo ni ya kutupa. Ikisoma vizuri, bado huna uhakika, kwa sababu mita hutumia volti chache tu na koili hufanya kazi kwa maelfu. Jibu la mwisho ni kufunga koili nyingine unayojua ni nzima na kuzunguka nayo. Tatizo likibaki, nenda kwenye CDI au stata (si ya kuwashia, ni zile koili za kuzalisha umeme ndani ya injini), ambazo nazo hulegea zikipata joto.

Koili haina kilomita za kubadilishwa kama oili. Ibadilishe ikiwa mwili wake umepasuka, waya uliopachikwa ndani yake umeliwa hadi umebaki mfupi mno kukatwa tena, mita imeonyesha waya wa ndani umekatika, au umeibadilisha kwa muda na ugonjwa ukaisha.

Ukienda kununua Mwembe Tayari au kwingineko, beba ile ya zamani. Usikubali "zote ni sawa, kaka." Koili ya mfumo wa transista, usiotumia CDI, ina omu kubwa zaidi upande wa waya mnene, kama 2 hadi 4. Ukiweka ya CDI mahali pake, transista huungua. Linganisha matundu ya bolti, klipu na urefu wa waya, na umwombe muuzaji mita uipime hapohapo kaunta kabla hujatoa pesa. Akikataa, vuka barabara, maduka ni mengi.