Unaulizia opera Unguja? Kaa kwanza usikilize bashraf

Msomaji wangu mmoja aliyeko masomoni Ujerumani kaniandikia. Kapelekwa opera, ule mchezo wa jukwaani unaoimbwa, karudi kapagawa. Sasa anauliza: Unguja tutajenga lini nyumba ya opera, na sisi tuonekane watu wenye utamaduni?

Opera sina ugomvi nayo. Hilo la "tuonekane" ndilo lililonichoma.

Khedive Ismail, mtawala wa Misri, alifungua nyumba ya opera Cairo mwaka 1869. Mwaka uliofuata Sayyid Barghash akakalia kiti cha Unguja, na wazee husimulia kuwa ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Kilichofika kwetu ni taarab. Ikaanzia kasri, kwa Kiarabu. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda kikundi chao, Ikhwani Safaa. Kisha Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, akaimba kwa Kiswahili mambo ya mitaani na ya mahakamani, mpaka akapelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Huo si utamaduni?

Mimi napiga fidla katika kikundi kidogo cha mtaani. Hoteli moja ilituita tutumbuize wageni wakati wa chakula. Meneja akataka tuache bashraf, ule muziki wa ala tupu unaotangulia nyimbo za taarab, nyimbo zenyewe tuzikate nusu, na sauti tuishushe watu wasikilizane. Tulipiga, tukalipwa, tukapewa na wali. Usiku ule sikulala vizuri, na meneja yule nikikutana naye hata leo salamu yangu ni fupi.

Sasa nikwambie la arusini, mwezi uliopita. Tulipiga bashraf nzima, hakuna aliyeinuka. Mwimbaji alipofika ubeti wa pili, mama mmoja akasimama, akaja polepole akicheza mabega, noti juu, akamtuza mwimbaji huku macho kayaelekeza meza ya pili. Ukumbi mzima ukajua nani kasemwa. Dakika chache baadaye mwenye meza naye akaja na noti zake, kuchagua ubeti wake! Huko opera ukisimama hivyo utatolewa nje. Kwetu, asiposimama mtu, wimbo haujafika.

Kwa hiyo wewe mwenye ndoto ya kikundi, nakusihi: usiikate bashraf. Mtafute mshairi kabla ya kutafuta spika, maana maneno mabovu hayatuzwi. Watoto waanze na ala yenyewe, udi, kanuni, fidla, kinanda cha umeme baadaye. Chuo cha muziki cha nchi za majahazi kinafundisha hayo Mji Mkongwe tangu 2002, hakuna kisingizio. Hotelini nendeni, pesa ni pesa, lakini mtaani pigeni nyimbo nzima. Narudia, nzima.

Nawe ndugu yangu wa Ujerumani, opera endelea kwenda, ukasikilize wanavyovuta upinde. Likizo ukija, mazoezi yetu ni baada ya isha. Nichukulie nyuzi za fidla, seti mbili, nitakulipa.