Re: Mteja wa Gungu anataka ramani kwanza, hela baadae

Mkuu, unauliza kama umpe huyo mteja wa Gungu ramani ya nyumba akaombee kibali cha ujenzi afu akulipe baadae, aisee usijaribu, kibali kikishatoka simu yako hapokei tena. Andikishaneni mkataba hata wa kurasa mbili, hela igawe kwa hatua: advansi kabla hujachora chochote, nyingine akikubali mchoro wa awali, inayobaki siku unamkabidhi ramani zenye muhuri wa msanifu aliyesajiliwa AQRB, ile bodi ya kusajili wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi. Andika pia mabadiliko ni mara ngapi bure, maana Kigoma hapa kila shemeji akija toka Kasulu chumba kinaongezwa 😂. Usimamizi wa saiti nao una bei yake, wengi wanadhani umo humo humo kwenye hela ya ramani. Faili la AutoCAD (ile programu ya kuchorea) baki nalo, yeye mpe PDF.