Mwenye nyumba amekata dipoziti yote kwa sababu ya kapeti: naruhusiwa kumshtaki Mwislamu mwenzangu kortini?

SWALI

Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu. Tumekaa South C, Nairobi, miaka minne, nyumba ya chini kabisa, yenye kapeti iliyotandikwa ukuta hadi ukuta. Kodi ilikuwa shilingi 45,000 na tulipoingia tulilipa dipoziti ya miezi miwili, yaani 90,000. Mume wangu alipoachishwa kazi tukahamia Umoja, nyumba ndogo. Mwenye nyumba alimtuma keateka, yaani msimamizi wa jengo, kukagua, kisha akaniandikia kwamba harudishi hata shilingi: 78,000 ni za kapeti mpya ya nyumba nzima na 12,000 ni za rangi.

Kapeti tuliikuta na haikuwa mpya. Sebuleni imechakaa kwa kukanyagwa. Karibu na mlango wa roshani iliharibiwa na maji ya mvua za 2024, na siku ile ile nilimtumia keateka picha kwa WhatsApp, hakuna aliyekuja kuuziba mlango. Lakini chumbani kuna alama ya pasi, na hiyo ni mimi. Nilikuwa napiga pasi sare za watoto juu ya kanga niliyoitandika chini, stima ikapotea, nikaiacha pasi imelala palepale nikaenda jikoni. Stima iliporudi ikaunguza kanga na kapeti.

Mkataba unasema "uharibifu wowote utakatwa kwenye dipoziti". Mwenye nyumba ni mtu wa msikitini, haikosi safu ya mbele. Ustadh anayetusomesha darsa ameniambia ni haramu kumpeleka Mwislamu korti ya serikali, nimwachie Mungu. Dada yangu naye anasema nikienda nikane hata ile alama ya pasi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza dhulma. Dipoziti ya nyumba mpya nimeikopa kwenye chama. Nifanye nini?

JIBU

Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Dada yangu, Allah akufanyieni wepesi wewe na mumeo. Kuachishwa kazi, kuhamisha watoto na kuingia deni kwa mpigo mmoja si jambo dogo. Swali lako limenikera mara mbili. Limenikera kwa alichofanya mwenye nyumba, na likanikera zaidi kwa fatwa uliyopewa. Yule amezuia pesa zako tu. Huyu amekufungia njia ya kuzidai, tena kwa jina la dini.

Nianze na kapeti. Mkono wa mpangaji ni mkono wa amana. Hivyo ndivyo alivyoandika Imam an-Nawawi katika kitabu chake Minhaj, na ndiyo madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu pwani na bara. Kitu cha mwenye nyumba kikiharibika mikononi mwa mpangaji bila ya yeye kuvuka mpaka wala kuzembea, hakilipi.

Kwa hiyo kapeti ya sebuleni iliyochakaa haikuhusu. Kwa kodi uliyoitaja, miaka minne umemlipa mtu huyu zaidi ya shilingi milioni mbili. Alikuwa akikuuzia nini? Alikuwa akikuuzia kukaa, kulala na kukanyaga. Sasa anataka kulipwa tena kwa sababu ulikanyaga! Rangi iliyofifia ni vivyo hivyo. Hukusema kama watoto walichora kutani. Kama walichora, ukuta waliouchora ni juu yako kuulipia, ule tu.

Sehemu iliyolowa maji ni yake pia. Mlango unaopitisha mvua ni kasoro ya jengo, na matengenezo ya jengo ni juu ya mwenye jengo. Ungenyamaza mpaka kapeti ikaoza, ningekulaumu. Wewe ulimjulisha mtu wake siku hiyo hiyo, tena kwa picha. Tangu hapo uzembe ukawa wao.

Ile ya pasi ni yako. Kuiacha pasi imelala juu ya nguo sakafuni bila kuchomoa waya, ukaondoka, ni uzembe, hata kama stima ilipotea ghafla na mtoto analia jikoni. Dhambi huna, kwa kuwa hukukusudia, lakini malipo unayo. Malipo kiasi gani? Mtume, rehma na amani zimshukie, alikuwa kwa mmoja wa wakeze, chakula kikaletwa katika chombo cha mke mwingine, chombo kikapigwa kikavunjika. Akahukumu: chakula kwa chakula, na chombo kwa chombo. Hakuna aliyeambiwa anunue vyombo vya jiko zima. Kapeti ya chumba kimoja, tena kuukuu, inalipwa kwa thamani iliyopungua kwa kuungua kule, au kwa gharama ya kuitia kiraka ikiwa inatengenezeka. Kuikadiria si kazi yangu wala ya keateka. Waulizeni wawili wanaouza na kutandika kapeti, na Eastleigh wamejaa, watazame picha na umri wa kapeti, wataje bei.

Mwenye nyumba atakuonyesha mkataba na kukusomea hadithi, "Waislamu wako kwenye masharti yao." Mwambie aimalize. Katika riwaya ya Tirmidhi inaendelea: isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Wanachuoni wengi wamesema kumshurutisha mpangaji adhamini kila kitakachoharibika, hata bila kosa lake, ni sharti batili, na Ibn Qudama ameliandika hilo waziwazi. Ipo riwaya kutoka kwa Imam Ahmad inayolilegeza, siifichi. Lakini hata ukiichukua hiyo, mkataba umesema uharibifu, na uchakavu wa miaka si uharibifu kwa lugha ya mkataba wala kwa desturi ya wapangaji wa mji huu.

Isitoshe, yeye ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Kwamba alipokea 90,000 hakani. Anachodai ni kwamba uliharibu, na uthibitisho ni juu ya anayedai. Iko wapi orodha mliyotia saini ulipoingia, inayoonyesha kapeti ilikuwaje? Keateka anayelipwa naye, aliyekagua nyumba tupu peke yake baada ya wewe kuhama, si shahidi wa kutosha.

Sasa nije kwa ustadh.

Nadhani alichokusomea ni aya ya 60 ya Suratun-Nisaa, kuhusu wanaotaka kuhukumiana kwa taghuti, yaani kwa hukumu isiyokuwa ya Allah. Aya hiyo ina watu wake. Ni watu waliokuwa na Mtume mbele ya macho yao, hukumu ya Allah wanaweza kuiendea kwa miguu, wakaikimbia kwa kuwa walijua itawaumiza. Wewe umekimbia hukumu gani? Unachokitaka ni kile kile sharia inachokupa: urudishiwe mali yako, pungufu ya ulichounguza. Anayeikimbia hukumu ya Allah katika kisa hiki ni aliyeshika 90,000, na ajabu ni kwamba hilo ustadh hakuliona.

Pengine atasema, mpeleke kwa Kadhi. Laiti angesoma kifungu cha 170 cha katiba ya mwaka 2010. Kadhi wa Kenya amewekewa mipaka: hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali mamlaka yake. Dipoziti ya nyumba hana uwezo nayo. Ukimfikia atakupa nasaha nzuri, lakini hawezi kutoa amri itakayomtoa mtu shilingi mfukoni. Basi mwanamke aende wapi? Fatwa inayosema "usiende huku" bila kuonyesha pa kwenda ni kumwambia mwenye kudhulumiwa anyamaze, na kunyamazisha wenye kudhulumiwa si kazi ya dini hii.

Kabla ya kupewa utume, Mtume wetu alihudhuria kiapo cha Hilful-Fudhul nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an. Sababu yake, kama wanavyosimulia wenye sira, ni mfanyabiashara kutoka Yemen aliyeuza bidhaa kwa al-'As bin Wa'il, bwana mkubwa wa Makka, akanyimwa malipo. Walioapa kumrudishia haki yake walikuwa washirikina. Na Mtume, baada ya Uislamu, alisema kwamba lau angeitwa kwenye kiapo kama kile angeitikia. Mali ya mnyonge, mkononi mwa mtu mwenye hadhi, ikarudishwa kwa nguvu ya wasiokuwa Waislamu, na Mtume akaisifu. Ustadh anataka nini zaidi ya hapo? Akitaka maneno ya fukahaa, wanachuoni wa sheria, amtazame al-Izz bin Abdissalam, imamu wa madhehebu yetu aliyefariki mwaka 660 Hijria. Alisema makafiri wakiitawala nchi wakamteua kadhi wa kusimamia maslahi ya jumla ya Waislamu, hukumu zake zipitishwe, kwa kuwa kuziacha ni kuangamiza haki za watu.

Kisha tuulizane kwa uwazi. Hao wanaosema korti ni haramu, hati za mashamba yao wameziandikisha wapi? Wakiibiwa gari hawaendi polisi? Wanaenda, na usiku huo huo. Haramu hii huwashukia wapangaji, wajane na wasichana wa kazi, basi. Na tazama matokeo yake: mpangaji wa Kiislamu akidhulumiwa na mwenye nyumba asiye Mwislamu atadai haki yake kortini Milimani, akidhulumiwa na anayeswali naye atakaa kimya. Uislamu wa dhalimu umekuwa ngao yake. Mtume alisema, "Msaidie ndugu yako akiwa dhalimu au akiwa amedhulumiwa," na alipoulizwa vipi asaidiwe dhalimu, akasema ni kumzuia asidhulumu. Kwa hiyo kumshtaki huyu bwana ni kumsaidia. Anahitaji msaada huo kuliko unavyohitaji wewe pesa.

Ama "mwachie Mungu", kusamehe ni daraja kubwa, lakini husamehe aliyetaka, hashurutishwi. Na wewe una deni la chama. Wale wanawake waliokukopesha wana haki juu yako, na dhiki ya mwenye nyumba, ambayo ingekufanya umhurumie, siioni popote katika maelezo yako.

Nikimaliza na ustadh, nina neno na dada yako, kwa upole. Usikane ile pasi. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kutoka kwa Ummu Salama, Mtume aliwaambia wenye kesi kwamba yeye ni binadamu, na huenda mmoja wao akawa hodari wa kujieleza kuliko mwenzake, akamhukumia kwa anayoyasikia. Basi atakayemkatia kitu katika haki ya ndugu yake, anamkatia kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haihalalishi haramu, ya hakimu wa Milimani itahalalisha vipi? Dhulma ya 90,000 haikufungulii mlango wa uongo wa kapeti ya chumba. Halafu, kwa akili ya dunia tu, mtu anayesema "hii ni yangu na ile si yangu" huaminiwa upesi kuliko anayekana kila kitu.

Sasa cha kufanya. Mwandikieni barua fupi isiyo na matusi. Taja kilicho chako na kiasi walichokadiria mafundi, taja kisicho chako na kwa nini, dai kilichobaki, mpe muda maalumu, tuseme wiki mbili. Ambatisha taarifa ya M-Pesa ya siku mliyolipa dipoziti pamoja na ule ujumbe wa WhatsApp wenye tarehe yake. Wakati huo mwombe imamu wa msikiti anaoswali awakutanishe na mzee mmoja mnayemkubali nyote. Sulhu ni bora, na hata katiba katika kifungu cha 159 inaihimiza. Ukikubali kupunguza kidogo ili yaishe ni hiari yako, mradi usitishwe. Jina lake msilitundike kwenye magrupu. Aliyedhulumiwa ameruhusiwa kulalamika, lakini kwa anayeweza kumsaidia, na watu mia tatu wa grupu la mtaa hawamrudishii mtu pesa.

Muda ukipita bila jibu, nendeni Mahakama ya Madai Madogo, Milimani, na mimi nasema hilo ni halali kwenu bila ya karaha. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, ikafunguliwa 2021, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Wakili si lazima. Msipoteze nauli kwenda kwenye lile baraza la kodi za nyumba za kuishi, maana sheria yake ya zamani inahusu nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi.

Tazameni mkataba uko kwa jina la nani. Ukiwa kwa jina la mumeo, yeye ndiye mdai, na hata uamuzi wa kusamehe ni wake kwa sehemu aliyoitoa. Mshirikishe tangu barua ya kwanza. Mwanamume aliyepoteza kazi asije akasikia kwa jirani kwamba mkewe yuko kortini kwa ajili ya dipoziti aliyoilipa yeye.

Na katika fomu ya madai, panapotajwa riba, msiidai. Daini dipoziti pungufu ya ile pasi, pamoja na gharama za kesi, kama alivyosema Allah katika Suratul-Baqara: mtapata rasilimali zenu, hamtadhulumu wala hamtadhulumiwa. Hakimu akiiongeza riba mwenyewe, mwambieni mwenye nyumba kwa maandishi kwamba hiyo hamuichukui.

Wallahu a'lam.